Siku Gari la Kaka Lilipobonyea

Kama hukunisoma wiki zilizopita, msomaji, ulichokosa ni balaa tupu. Duka la vipuri nilimokuwa nauza liliungua, kazi yangu ikaenda na moshi. Mwenye nyumba akanitolea vitu nje. Mke wangu akafunga nguo za mtoto kwenye kanga, akaniambia, "Ukipata pa kuishi utatukuta kwa mama," akaondoka bila kugeuka nyuma.

Aliyenipokea ni kaka yangu mkubwa. Akanipa chumba cha uani, kando ya banda la gari, na sharti moja tu.

"Kwangu utakula, utalala, hakuna atakayekuuliza unaondoka lini. Ila usinidanganye. Uongo siuwezi."

Nikaapa. Niliona ni sharti jepesi kuliko yote niliyowahi kupewa.

Kaka ni mwalimu wa udereva. Nusu ya madereva wa mji wetu wamepita mikononi mwake, na wengi wao walitoka wakilia. Gari lake mwenyewe ni la rangi ya damu ya mzee. Kila asubuhi hulipangusa kwa kitambaa laini kabla hajapangusa uso wake. Ukiliegemea tu, anakuuliza kama nyumbani kwenu hakuna ukuta.

Amefundisha watoto wa watu, amefundisha wazee wenye miwani mizito, lakini hajamfundisha mkewe. "Wa nini?" husema. "Mimi si nipo?"

Siku hiyo hakuwepo. Alikwenda mji jirani kuwasimamia wanafunzi kwenye majaribio. Alipanda basi, gari akaliacha bandani, akasema atarudi jioni.

Nilikuwa nafua soksi zangu niliposikia sauti getini. Kraaaa! Kama mtu anayeburuta kabati la bati sakafuni.

Nikatoka mbio na povu mikononi. Gari la kaka lilikuwa limekwama getini, nusu ndani nusu nje, limeegemea nguzo kama mlevi. Kwenye usukani alikaa shemeji, mke wa kaka, macho mbele, mikono imeng'ang'ania usukani kana kwamba bado yuko safarini.

"Shemeji," nikasema, "zima gari."

"Sijazima?"

"Bado."

Akazima. "Limeumia?"

Nikazunguka upande wa kushoto. Bati la juu ya gurudumu la mbele, lile wanaloliita madigadi, lilikuwa limeingia ndani kama bakuli. Ungeweza kunawia mikono mle. Katikati ya bakuli kulikuwa na mkunjo mrefu, kama paji la uso la mtu aliyeudhika.

"Kidogo tu," nikamwambia.

"Kidogo kiasi gani?"

"Kidogo cha kufukuzwa."

Nikamwelekeza arudi nyuma, akate usukani, aje taratibu. Akaliingiza mwenyewe mpaka uani, safari hii bila kugusa kitu. Mimi nikafunga geti, na mkono wangu ukasukuma komeo.

Nililisukuma ili watu wasituone. Kumbe komeo lile ndilo lingekuja kusemwa kuliko gari lenyewe.

"Mpigie kaka umwambie," nikasema.

"Siwezi."

"Basi tulipeleke kwa fundi wa bodi."

"Yupi? Wote ni marafiki zake. Gari halijafika kwao, habari imeshamfika." Akanitazama usoni. "Wewe si ulikuwa unauza vipuri?"

"Niliuza taa na mikanda, shemeji. Sijawahi kunyoosha hata kijiko."

"Leo utaanza."

Tukaanza na maji ya moto. Alisikia mahali kwamba ukiyamwaga, bati linarudi lenyewe. Akachemsha sufuria nzima, tukamwaga. Bati likapata joto, likatulia vile vile.

"Aa," nikakumbuka. "Hiyo ni kwa bampa za plastiki."

"Ungekumbuka kabla sijamaliza gesi."

Akaingia ndani, akarudi na kile kikombe cha mpira chenye mpini, cha kuzibulia sinki. Nilitaka kucheka, lakini sikuwa na wazo lililo bora. Nikalowesha ukingo wake, nikakibana katikati ya bonde, nikavuta. Kikabanduka, nikaanguka kwa makalio.

Nikarudia. Safari hii nilikanyaga gurudumu, nikavuta kwa uzito wote wa mwili.

Poo!

Bati likaruka nje kwa kishindo, kama debe tupu lililopigwa teke. Nusu ya bonde ilikuwa imekwisha! Shemeji akapiga makofi, kisha akajiziba mdomo.

Alikuwa amechelewa. Juu ya ukuta kiliota kichwa.

Huyo ni jirani yetu, Mama Ukuta. Tulimpa jina hilo kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona chini ya mabega.

"Mnavunja nini huko?"

"Sinki limeziba," nikajibu upesi.

Akakitazama kile kikombe mkononi mwangu. Akalitazama gari. "Sinki liko kwenye gari?"

"Nakijaribu kwanza kama kinavuta."

"Na geti mmefunga komeo mchana kweupe."

"Upepo, mama."

Jani halikutikisika. "Haya," akasema, kichwa kikazama.

Bonde lilikuwa limepungua, lakini mkunjo ulibaki. Mkunjo hauvutwi kwa mpira. Lazima usukumwe kutoka ndani.

Nikapandisha gari kwa jeki, nikatoa gurudumu, nikafungua plastiki ya ndani inayozuia matope. Sasa mkono wangu uliweza kufika nyuma ya bati. Nikatafuta kipande cha ubao na nyundo. Nyundo ilikuwa na kelele, nikavua shati langu nikaizungushia.

Shemeji alikuwa amevaa gauni lake zuri, lile alilojipamba nalo kutoka na gari. "Hili likipata grisi nitaeleza nini?" akasema. Nikampa ovaroli yangu ya dukani. Akaenda kubadilisha chumbani kwangu, kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu, gauni akalitundika kwenye mlango.

Nakueleza haya moja baada ya jingine, msomaji, ili ujue kwamba kila kitu kilikuwa na sababu yake. Sababu hazionekani ukisimama mbali.

Yeye alikaa nje ya bati, amelikandamiza kwa mfuko mdogo uliojaa mchanga. Mimi niko chini, ndani, naweka ubao na kugonga taratibu, kuanzia pembeni kuelekea katikati. Ukianzia katikati, bati linatanuka na halirudi tena. Hilo nililisikia kwa mafundi waliokuwa wakija dukani.

"Kulia kidogo," alisema. Alikuwa amefumba macho, anasoma bati kwa kiganja. "Hapo. Tena. Taratibu."

"Ulikuwa unakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Popote. Nimefika mpaka sokoni na kurudi. Sijamgusa mtu. Nimekuja kuaibikia mlangoni kwangu."

Akapapasa bati tena. Kisha akaanza kusema kwa sauti ya chini, na mimi nikagonga polepole zaidi ili nisikie.

"Mwaka jana Kasuku alishikwa na homa." Kasuku ni binti yao. Walimwita hivyo kwa maneno yake mengi, na saa hiyo alikuwa shuleni. "Akaanza kukakamaa mikononi mwangu. Baba yake hayupo, simu haipatikani. Gari liko hapa. Ufunguo uko msumarini. Nikamfunga mtoto mgongoni, nikapita kando ya gari, nikatembea mpaka zahanati."

"Shemeji..."

"Unajua kilichoniuma? Si kutembea. Ni kupita kando ya gari."

Nikahamisha ubao, nikagonga mara moja.

"Mganga aliniambia, mama, ungechelewa kidogo tu." Hakumalizia. "Tangu hapo kila tukipanda namtazama baba yake miguu. Klachi, gia, klachi. Akisafiri nalitoa bandani nalirudisha. Leo ndiyo nimevuka geti."

"Mwambie hivyo hivyo ulivyoniambia mimi."

"Nilimwomba anifundishe. Alicheka." Akasogeza mfuko wa mchanga. "Si kwa ubaya. Alicheka tu, akaendelea kula."

Sijui kama ni hasira au ni uchovu. Nyundo ikashuka kwa nguvu.

Nje, shemeji akaguna.

Nikatambaa kutoka. Palipokuwa na bonde sasa palikuwa na kichuguu. Na kwenye kilele chake rangi ilikuwa imepasuka. Gamba moja likabanduka mbele ya macho yetu, likaanguka juu ya mguu wake.

Tukalitazama wote wawili. Kwenye gari pakabaki doa la chuma kitupu, linang'aa.

"Sasa basi," akasema. "Nimekwisha."

"Subiri."

Nikaegemeza ubao kwa nje, nikakishusha kichuguu kwa mapigo madogo madogo mpaka bati likawa sawa kwa mtu anayepita. Kwa kaka, hapana. Nikalowesha msasa, nikasugua kingo za rangi. Lakini rangi yenyewe tungeitoa wapi?

Shemeji akaingia ndani mbio. Alirudi na kichupa cha rangi ya kucha.

Damu ya mzee. Ile ile!

"Aliniletea mwenyewe," akasema. "Alisema nifanane na gari."

Nikachovya kile kibrashi. Mkono ulinitetemeka mpaka tone likaangukia kidole changu, na jingine kwenye kucha. Shemeji akanishika kifundo cha mkono ili nitulie. Tukainama pamoja juu ya doa, pumzi tumezibana, kama watu wanaomtoa mtoto mwiba.

Geti likatikisika.

"Fungueni."

Ilikuwa sauti ya kaka.

"Alisema jioni," shemeji akanong'ona. "Alisema jioni!"

"Nimesema fungueni."

Nikaenda. Nikavuta komeo.

Kaka alisimama na begi begani, tai imelegea, jasho usoni. Nyuma yake, ng'ambo ya barabara, alisimama Mama Ukuta. Kwa mara ya kwanza nikaiona miguu yake.

Kaka akaingia. Akanitazama mimi, kifua wazi, nimeloa jasho. Akamtazama mkewe ndani ya ovaroli yangu, mikono imekunjwa. Akaliona gauni lililotundikwa kwenye mlango wa chumba changu. Akaiona rangi ya kucha kwenye vidole vyangu.

Hakulitazama gari. Hilo ndilo lililoniogopesha. Tangu alinunue, hajawahi kuingia uani bila kulitazama kwanza.

"Nimepigiwa simu," akasema. "Nimeambiwa niache kazi nije niangalie nyumba yangu."

"Kaka, ni gari."

"Gari gani?"

Nikanyoosha kidole. Akageuka polepole. Akaiona jeki, gurudumu lililolala chini, doa bichi la rangi. Na nakuapia, msomaji, uso wake ulifunguka. Begi likamteleza begani, hakulijali.

"Gari," akasema. Karibu atabasamu. "Kumbe ni gari." Akavuta pumzi. "Nani?"

Nikamwona shemeji anafungua mdomo. Nikamwona na mtoto mgongoni, anapita kando ya gari.

"Mimi," nikasema. "Nililichukua bila ruhusa, nikagonga nguzo. Shemeji ananisaidia tu."

"Si kweli, yeye..."

"Ni mimi, kaka."

Kaka akatikisa kichwa, kama mtu anayeipokea habari asiyoipenda lakini anayoiweza. Akalisogelea gari. Akapitisha kiganja juu ya bati, taratibu, kuanzia taa mpaka mlango. Akafungua mlango wa dereva ili akae.

Magoti yake yakagonga usukani. Hakuingia.

Akasimama pale, mkono juu ya mlango. Kiti kilikuwa kimevutwa mbele mpaka mwisho. Kioo cha ndani kimeinamishwa chini.

"Njoo ukae," akaniambia.

"Kaka..."

"Wewe ni mrefu kuliko mimi. Njoo ukae nione ulivyoendesha."

Sikusogea.

"Mwanafunzi akinidanganya, namjua kwa kiti," akasema, na sauti yake sasa ilikuwa ya chini sana. "Haya, nieleze. Mwanamume anabeba kosa la mke wa mwenzake kwa sababu gani?"

Ningependa angenipiga.

"Ni mimi niliyeendesha," shemeji akasema. "Mdogo wako hana kosa lolote."

"Nani kakufundisha?"

"Hakuna."

"Mtu hajifundishi gari, Mama Kasuku. Hiyo ni kazi yangu, naijua. Nani alikaa na wewe ndani ya gari langu? Kile kiti cha pembeni, nani alikikalia?"

Alikuwa anamuuliza yeye, lakini macho yake yalikuwa kwangu.

"Nimejifunza kwa kukutazama wewe."

Kaka akacheka. Kicheko kifupi tu. Sidhani alikusudia ubaya. Lakini nilimwona shemeji anavyokipokea, uso wake ukifungwa kama dirisha.

"Rudishia gurudumu," akaniambia.

Nikapiga magoti. Nikavisha gurudumu, nikakaza nati moja moja, nikashusha jeki. Spana ilikuwa inaniteleza kwa jasho, na kila ilipoteleza nilijiona naongeza ushahidi wa kosa ambalo sikulitenda.

Shemeji akatoa ufunguo mfukoni mwa ovaroli. "Fungua geti lote."

"Haya," kaka akasema, akafunga mikono kifuani kama anavyofanya siku za majaribio. "Litoe mpaka barabarani. Nikione hicho ulichojifunza kwa macho."

Akapanda. Akafunga mkanda. Akatazama kioo, akageuza shingo, akatazama nyuma. Gari likaanza kurudi kinyumenyume, polepole, kati ya nguzo zile zile. Nilijikuta nimekunja vidole vya miguu. Upande wa kushoto ukapita. Upande wa kulia ukapita. Mama Ukuta akaruka pembeni akishika kanga yake.

Mikono ya kaka ikashuka kutoka kifuani.

"Amekata mapema," akasema, si kwa mtu yeyote. "Vizuri." Gari likanyooka barabarani, likasimama bila hata kushtuka. "Vizuri sana. Hebu ona!"

Hasira ilikuwa imemtoka. Akatoka getini karibu anakimbia, akauendea mlango wa abiria, uso wake umejaa kitu ambacho sijawahi kukiona kwake. Nikadhani yameisha. Hata nilitabasamu.

Tak.

Milango ilijifunga.

Kaka akavuta kitasa. Akavuta tena. "Fungua, mama."

Shemeji alimtazama kupitia kioo. Akasema neno, lakini vioo vilikuwa juu, hatukulisikia. Kisha akawasha indiketa, akatazama nyuma kama kaka anavyofundisha, akaondoka.

Kaka akakimbia nyuma yake mpaka pumzi ikamwishia. Kule mbele gari lilifika kwenye kona na kukata, si upande wa shule, si upande wa soko.

"Anakwenda wapi?"

"Sijui, kaka."

"Anakwenda wapi, wewe?" Akanishika mkono juu ya kiwiko, vidole vikaingia kwenye nyama.

"Nakuapia sijui."

"Ulishaniapia," akasema.

Ndipo simu ikalia mfukoni mwangu.

Tuliisikia wote. Nikaitoa. Kwenye kioo paliandikwa *Shemeji*.

Kaka akanivuta ndani, akamfungia geti Mama Ukuta usoni. "Pokea," akasema. "Weka spika."

Nikabonyeza. Hapakuwa na mlio wa injini. Alikuwa ameegesha mahali. Nilisikia pumzi tu, za mtu aliyetoka kulia au anayekaribia kulia.

"Shemeji?"

"Naam."

"Uko peke yako?"

Kaka alisimama karibu yangu kiasi kwamba joto la uso wake lilinifika shavuni. Aliinamisha kichwa mara moja tu. Sema ndiyo.

Mtu aliyenipa paa wakati ndugu wengine wananikwepa alikuwa ubavuni mwangu. Mtu aliyenieleza jambo ambalo mumewe hakutaka kulisikia alikuwa kwenye simu. Jibu lolote ambalo ningetoa, mmoja wao ningemuuza.

"Niko peke yangu," nikasema.

Shemeji akashusha pumzi ndefu.

"Afadhali," akasema. "Maana hili kaka yako akilisikia kutoka kwa mtu mwingine yeyote, litamuua. Nisikilize, na usinikatize."

Kaka akafumba macho, akaegemea ukuta. Naye shemeji akaanza kusema.